Injini Inayozunguka Nzima

Mimi na mashine hatupatani, na nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza habari za trekta. Mjukuu wangu akifungua boneti ya gari lake, mimi najiondokea zangu. Lakini ipo injini moja ninayoijua kuanzia utumbo wake mpaka ngozi, kwa sababu niliilisha kwa mikono yangu hii wakati mume wangu yuko chini ya maji.

Ilikuwa machimboni, upande wa Nyarugusu, miaka michache baada ya vita vya pili kwisha. Mimi ni mtu wa Shinyanga. Mume wangu alinioa kwetu akanileta huku kwenye dhahabu, na ahadi yake ilikuwa kwamba tutakaa mpaka tupate ng'ombe wa kurudi nao nyumbani. Alikuwa mchimbaji wa chini. Siku ile walikuwa wanaufuata mwamba, wakatoboa shimo la zamani lililoachwa tangu enzi za Mjerumani, limejaa maji mpaka pomoni, wala hapakuwa na aliyejua kuwa lipo. Maji yakaingia kwa mpigo mmoja. Wenzake waliokuwa karibu na ngazi wakatoka. Yeye alikuwa mbele yao wote, kule kwenye jiwe lenyewe. Hakutoka.

Waliponijia nilikuwa napepeta mtama. Nikawasikiliza, kisha nikamaliza kupepeta. Watu walilisema sana lile jambo, eti yule mwanamke ana moyo wa jiwe, na wengine wakaenda mbali zaidi wakasema labda alikuwa na mwingine. Waseme. Mdomo ni mali ya mwenyewe. Mimi najua kwamba mwili wangu ulikufa ganzi kuanzia utosini, na kwamba mtama ule niliupepeta vizuri kuliko siku zote.

Mama mkwe wangu alipanda lori la pamba kutoka Shinyanga, akafika na vumbi lake hadi kwenye kope. Alikuta wanawake wamekwisha tandika mikeka na kuanza kulia. Akawauliza wanamlilia nani. Wakamwambia. Akasema, "Mmemwona? Kama hamjamwona, kunjeni mikeka yenu." Wakakunja. Katika ukoo wao, mtu hawi maiti mpaka mama yake amshike, ampake mafuta, alazwe kwenye udongo wa nyumbani karibu na zizi. Kabla ya hapo hapana matanga, hapana kunyoa nywele, wala mke haitwi mjane. Mimi basi nikawa si mke wala si mjane, nimekaa tu pale mlangoni kama kigoda.

Mwenye mgodi alikuja na kofia yake mkononi. Alisema pole, na nadhani aliisema kwa kweli. Kisha akaeleza kwamba injini ya kuvutia maji imepasuka, kipuri chake kitaletwa kwa treni mpaka Mwanza na hakijulikani kitafika lini, na mvua ziko mlangoni. Mvua zikianza, kuta zote za shimo zitaporomoka. Aliona ni heri shimo lifukiwe, liwe ndilo kaburi lake, na yeye mwenyewe atajenga msalaba wa saruji juu yake. Mume wangu hakuwa hata Mkristo. Mama mkwe alikwenda akaketi kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia ndani, na watu wa kufukia wakasimama na makoleo yao wakitazamana.

Aliyetuokoa ni Kalasinga mmoja aliyekuwa akitengeneza injini za migodi na za vinu vya pamba. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, kilemba chake kina madoa ya grisi. Alimjua mume wangu, maana ndiye aliyekuwa akimsaidia kunyanyua vyuma vizito, na walikuwa na utani wao wa kugombania nani ana nguvu. Alikuja kutoa pole, akasimama, akalitazama shimo, akamtazama mama mkwe, akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, haya, na huyu naye. Kesho yake akarudi na lori, na nyuma ya lori kuna kitu kimefunikwa turubai.

Walipolifunua turubai watu walicheka, pamoja na msiba wote ule. Ilikuwa injini, lakini silinda zake tisa zilisimama duara zikitazama nje pande zote, mfano wa jua linavyochorwa na mtoto ukutani. Haikuwa na tangi la maji wala gurudumu zito la pembeni. Kalasinga alisema ni injini ya ndege, ya vita vile vya kwanza, vya Mwingereza na Mjerumani. Aliinunua kama chuma chakavu akiwa kijana, akaitengeneza kwa sababu alishindwa kulala akiijua imekufa. Hakuwahi kuipa kazi yoyote. Mkewe alikuwa akimsimanga kwa ajili yake miaka yote.

Waliifunga kwenye magogo ya mninga, na magogo yenyewe wakayazika ardhini na kuyabana kwa mawe. Niliuliza kwa nini kuzika magogo makubwa hivyo kwa ajili ya kidude kile. Sijui kwa nini niliuliza. Labda kwa sababu kuuliza ni kazi, na mimi nilikuwa natafuta kazi. Kalasinga akaacha spana yake akanieleza, na alinieleza kwa subira, kama mtu aliyengojea miaka mingi aulizwe.

Injini hizi nyingine, alisema, zinakaa chini zimetulia. Ndani yake mna silinda, na silinda ni kinu. Pistoni ni mchi unaopanda na kushuka kinuni. Michi inasukuma chuma kilichopinda, yaani shafti, na shafti ndiyo inayozunguka na kwenda kufanya kazi. Mwili hauondoki mahali pake. Sasa hii yangu, mama, shafti ndiyo iliyofungwa. Imefungwa kwenye gogo haiendi popote. Kinachozunguka ni mwili mzima, vinu vyote tisa pamoja na michi yake.

Nilimwambia hiyo haiwezekani. Kama nguvu inausukuma mti na mti hauondoki, kazi imekwisha.

Akaninyanyua akanipeleka kwenye nguzo ya banda. Akaniambia niisukume kwa nguvu. Nikaisukuma, na kwa kuwa ardhi ilikuwa na utelezi wa grisi iliyomwagika, nikarudi nyuma mimi. Akacheka. Akasema ndiyo hivyo hivyo: nguzo haiendi, basi anayesukuma ndiye anayekwenda. Ile shafti imepinda, haikukaa katikati kabisa, kwa hiyo kila pistoni inayoisukuma inajikuta imejisogeza yenyewe upande mmoja. Moja ikimaliza, nyingine inapokea. Petroli na hewa vinapita ndani ya shafti hiyo hiyo, maana ni tundu tupu kama muwa ulioliwa na mdudu, vinaingia tumboni, kutoka tumboni vinapanda kwenye kila silinda kwa zamu yake, cheche inapiga, moto unasukuma. Mwili wote unazunguka haraka mpaka huzioni silinda, unaona ukungu tu. Na kwa kuwa unajipepea wenyewe katika kuzunguka, hauhitaji maji ya kuupoza hata tone. Ndiyo maana ilifaa ndege. Na ndiyo maana magogo yazikwe, kwa kuwa kitu kizito kinachozunguka namna ile kikitikiswa kidogo kinataka kujipindua na kuondoka na kila kitu.

Mahali palipokuwa na mapanga ya ndege alifunga gurudumu la mkanda, na mkanda ukashuka kwenye pampu iliyowekwa juu ya ngazi pana ya udongo, waliyoichonga ndani ya shimo. Petroli aliitoa yeye. Kilichokosekana ni mafuta ya kulainishia, na hapo ndipo mimi nilipoingia.

Injini ile haitaki mafuta ya dukani. Kwa sababu petroli inapita tumboni mwake, mafuta ya kawaida yanayeyuka ndani ya petroli na kusombwa, vyuma vinabaki vikavu na kukamatana. Yako mafuta ya aina moja tu yanayoikataa petroli, nayo ni ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hizi hizi zinazoota jalalani, tunazojipaka ngozini na kulainishia kamba za ngozi. Kalasinga alipotamka neno hilo wanawake walitazamana. Ndege za Wazungu zilikuwa zikiruka kwa nyonyo! Na jambo jingine: mafuta yale hayarudi. Injini nyingine zina bakuli chini, mafuta yanazunguka humo humo. Hii inayameza upande mmoja na kuyatema hewani upande wa pili pamoja na moshi. Kila unachoipa inakimaliza.

Basi tukakamua. Kambi nzima ya wanawake, Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, na mke wa Mhindi mwenye duka naye alileta chupa zake zote za nyonyo ya dawa ya tumbo. Tulivuna nyonyo kila penye jalala, tukazianika, tukazibangua, tukazikaanga kwenye vigae, tukazitwanga, tukachemsha na kuengua mafuta yaliyoelea, kisha tukayarudisha motoni mpaka maji yote yaishe. Kalasinga alisisitiza hilo la maji. Mikono yangu ilifanya kazi tangu alfajiri na kichwa hakikuwa na habari. Kuna aliyeniambia nipumzike, nikamwuliza nikipumzika nitafanya nini.

Alipoiwasha mara ya kwanza ardhi ilitetemeka chini ya nyayo. Mbuzi walikata kamba. Na ni kweli tuliyoambiwa, silinda zilipotea, pakabaki duara la ukungu linalonguruma, na kutoka kwenye duara hilo mafuta yakaturukia sote kama manyunyu. Maji yakaanza kutoka kwenye bomba, mekundu, mengi, yakashuka bondeni. Wanaume walishangilia. Baadaye hawakushangilia sana, kwa maana ukivuta moshi wa nyonyo kutwa nzima ni sawa na kuinywa, na nyonyo ukiinywa unajua inakupeleka wapi. Wanaume wazima walikuwa wanakimbilia vichakani huku wameshika suruali. Mtani wa mume wangu, Mnyamwezi mmoja, alisema marehemu akitoka humo atacheka mpaka afe tena. Watu wakamkodolea macho, halafu wakanitazama mimi. Mimi nilikuwa nacheka. Nilisikia kicheko kinatoka, nikashangaa ni cha nani.

Injini ile haikuwa na mwendo wa polepole. Ilikuwa na kitufe tu: iwake kwa nguvu zake zote au izimwe. Kalasinga alikuwa akiizima ipoe kidogo, tena anaiwasha, na kila ilipozimwa maji yalipanda tena shimoni, kwa kuwa ardhi ile inavuja kila upande. Lakini kwa jumla tulikuwa tunashinda. Ngazi ya kwanza ya udongo iliyozama ikaonekana, na ya pili. Mama mkwe alikuwa bado ukingoni, akiitazama kila ngazi inapotokeza, na akirudi kwetu jioni alitusaidia kukoroga vyungu. Mawingu nayo yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa.

Kisha ikakwama. Ilikuwa inanguruma vizuri, ikabadili sauti, ikatoa moshi mweupe, halafu mlio wa chuma kukwaruza chuma, na Kalasinga akaruka kwenye kitufe. Kimya. Maji yakaanza kupanda, tunayaona. Akafungua pampu ndogo ya mafuta akakuta kijichujio chake kimeziba utando mweupe mzito, na silinda moja imekauka na kuchubuka. Akachovya kidole kwenye kibuyu alichokuwa akimimina, akanusa. Hakuelewa. Akanipa mimi ninuse.

Nilielewa mara moja. Kila mwanamke wa Kisukuma angeelewa. Yalikuwa mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na siagi ya ng'ombe, kwa kipimo kile kile tunachotumia kumpaka mtoto aliyezaliwa, bibi harusi, na maiti. Nyonyo peke yake ni ya kamba. Ya mtu hutiwa siagi.

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amesimama na kibuyu chake cha kusukia maziwa, mikono imetulia. Hakujificha wala hakutafuta maneno. Aliniambia kwa Kisukuma, "Mafuta ya kumtoa mwanangu, niyaache makavu kama ya kamba?"

Mimi ni mtu wa hasira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Siku nyingine yoyote ningemjibu jibu ambalo angelala nalo, na mvua ile ilikuwa inanukia kabisa. Nikaitafuta hasira yangu, sikuiona. Nilichoona ni mwanamke aliyekuwa amemwandalia mwanawe, tangu alipofika, kitu pekee alichojua kumwandalia. Nikamwambia, kama mtoto anavyomwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu, hii injini si mtu. Ni kamba." Akaitikia kwa kichwa polepole kwamba amesikia. Kisha akaketi chini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona amechoka.

Kalasinga nilimweleza kwa Kiswahili kilichokuwa kimenyooka kuliko changu cha kawaida. Akavua kilemba, akakifunga upya, na hakumsema mama mkwe hata neno. Aliomba majivu na maji ya moto. Tulichemsha vyuma vyake kwenye vyungu vyetu vya ugali, tukavisugua kwa majivu mpaka mafuta yote yakatoka. Ile silinda iliyochubuka aliitoa pistoni yake, akaziba tundu kwa kipande cha bati na ngozi. Alisema itazunguka na nane, lakini itatikisika sana, na haitadumu. Ikimaliza kazi hii imekwisha. Alilisema hilo akiwa ameipa mgongo.

Mafuta yaliyokuwa na siagi tuliyamwaga. Tukakamua mengine, na safari hii mama mkwe ndiye aliyesimama kwenye vyungu akionja kila kibuyu kwa ulimi ahakikishe ni makavu.

Ikawaka. Ilitikisika kama mtu mwenye homa, magogo yakalia, watu wakayakalia kuyabana. Maji yakashuka kupita pale yalipofika awali. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka mchana ule, makubwa, yakikauka yanapogusa chuma. Yule Mnyamwezi alishuka na kamba kiunoni. Tuliona kamba inalegea, inakaza, inalegea. Halafu akavuta mara mbili, na waliokuwa juu wakaanza kuvuta.

Walimtoa amefungwa kwenye turubai. Sitaeleza alivyokuwa. Mama mkwe alipiga magoti akafunua upande wa uso, akamtazama, akafunika. Alinionyesha kwa kidevu kwamba ni yeye. Ndipo wanawake wakaruhusiwa, na kilio kikapanda kambi nzima, kila mtu kwa lugha yake.

Mimi sikuwa nasikia kilio. Nilikuwa nasikia injini. Ilikuwa bado inanguruma kwa nguvu zake zote, na pampu haina tena kitu cha kuvuta, inafyonza matope na hewa, bomba linakohoa. Watu walikuwa wanabeba turubai. Kalasinga alikuwa amesimama kwenye kitufe, mvua inamtiririka ndevuni, na aliona kwamba mimi sijasogea. Akainama sikioni mwangu kwa sababu ya kelele.

"Mama, nizime?"

Nilijua kabisa anachouliza. Petroli inateketea bure, na injini yake inajiua mbele ya macho yake. Lakini maadamu inazunguka, mume wangu alikuwa mtu anayetafutwa, na mimi nilikuwa mke wa mtu anayetafutwa. Ikizimwa, mimi ni mjane, na nitakuwa mjane kesho, na kesho kutwa.

Nikamwambia, "Ngoja kidogo."

Akaondoa mkono kwenye kitufe. Alikuja akasimama upande wangu mmoja, na mama mkwe aliyekuwa ameuacha mwili kwa wengine akaja akasimama upande wa pili, naye hakusema izimwe. Tulisimama sisi watatu, mafuta ya nyonyo yakiturukia usoni pamoja na mvua. Petroli ikaisha. Moto ukakata, lakini kitu kizito namna ile hakisimami mara moja, kiliendelea kuzunguka kwa uzito wake bila moto wowote, kimya, na ule ukungu ukaanza kujikusanya kuwa chuma tena, mpaka nikaweza kuiona silinda moja, kisha nyingine, kisha ile mbovu iliyozibwa kwa bati. Ikapita mbele yangu polepole. Ikarudi nusu. Ikasimama.

Ndipo nikalia.